Sheria inamlinda kipepeo huyu dhidi ya nani?

Kipepeo wa kwanza wa aina hii kufika mikononi mwa wanasayansi alipigwa risasi. Ilikuwa Januari 1906, pande za Mto Mambare katika kisiwa cha New Guinea, na mpigaji alikuwa Albert Stewart Meek, Mwingereza aliyelipwa na tajiri Walter Rothschild kumkusanyia ndege na wadudu wa visiwa vya Pasifiki. Kipepeo aliruka juu mno, wavu haukumfikia, Meek akachukua bunduki ya marisawa. Mwaka uliofuata Rothschild akampa mdudu huyo jina la Malkia Alexandra, mke wa Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza. Jina lake la kitaalamu hadi leo ni Ornithoptera alexandrae, na jike yule wa Meek bado amehifadhiwa kwenye makumbusho ya London.

Ni kisa kitamu kusimulia, na pengine ndiyo sababu kimetawala mno namna tunavyomfikiria kipepeo huyu. Akitajwa, picha inayokuja ni ya mgeni mwenye wavu, chupa ya sumu na sanduku la kioo. Sheria zilizotungwa kumlinda nazo zimeandikwa kana kwamba Meek bado anazunguka porini na bunduki yake. Ninachodai hapa ni kwamba zimemfungia mlango mtu ambaye si tishio kubwa, zikamwacha mwenye shoka. Na katika kufunga mlango huo zimemnyang'anya mwenye msitu sababu moja ya maana ya kuuacha msitu wake umesimama.

Kwanza tumjue mwenyewe. Huyu ndiye kipepeo mkubwa kuliko wote duniani. Jike akikunjua mabawa anapita sentimita 25, na wachache hufika 28, yaani anakaribia kuifunika rula ya mwanafunzi mwanzo hadi mwisho. Ni wa kahawia, mwenye madoa ya rangi ya maziwa. Dume ni mdogo zaidi, mabawa yake ni membamba, lakini ndiye mwenye urembo: mikanda ya kijani na buluu, na tumbo la manjano linalong'aa. New Guinea ni kisiwa cha pili kwa ukubwa duniani baada ya Greenland, ila kipepeo huyu hapatikani kote humo. Yupo kwenye kona moja tu, mkoa wa Oro upande wa Papua New Guinea, kwenye tambarare ya Popondetta na juu katika uwanda wa Managalas. Ukimkosa hapo, basi humpati popote.

Sababu ya kubanwa hivyo ni chakula. Viwavi wake wanaishi kwa mmea unaotambaa wa jamii ya Pararistolochia, hasa Pararistolochia dieliana, ambao hupanda kwenye miti mirefu ya msituni hadi majani yake yakapata jua huko juu. Mmea una sumu. Kiwavi anaila na kuitunza mwilini, na ndege akimwonja mmoja hujuta. Akitoka kwenye yai, mlo wake wa kwanza ni ganda la yai lenyewe, kisha anahamia kwenye majani machanga. Ni mweusi, ana vijiti laini vyekundu mwili mzima na mkanda wa rangi ya krimu umemkata katikati. Akishakuwa mkubwa, kabla hajajifunga kuwa pupa, ana tabia ya kutafuna gome la shina kulizunguka lote, hivyo kiwavi mmoja anaweza kuumaliza mtambaa aliolelewa juu yake. Hapo utaona kwamba msitu wenye shina moja la mmea huu haumfai kitu. Anahitaji mashina mengi, ya rika mbalimbali, na miti ya kuyabeba. Kutoka yai hadi kipepeo mwenye mabawa ni jambo la miezi, si wiki. Mpaka hapo, mdudu huyu hana haraka na hana pa kukimbilia.

Pigo la kwanza kubwa halikutoka kwa binadamu. Januari 1951 Mlima Lamington ulilipuka. Watu wapatao 3,000 walikufa, na takriban kilomita za mraba 250 za msitu uliokuwa makazi bora ya kipepeo huyu ziliteketea. Ardhi ya volkano ina rutuba, na rutuba hiyo ndiyo iliyoleta pigo la pili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wengine, tambarare ya Popondetta ilianza kupandwa michikichi: mashamba makubwa ya kampuni, na kuzunguka hayo, vishamba vya wanakijiji wanaoiuzia kampuni mikungu yao.

Wasomaji wa Kigoma hawahitaji kuelezwa mchikichi ni kitu gani kwa familia. Ukishaanza kuzaa, unazaa mwaka mzima. Lori la kampuni linapita, mikungu inapimwa, pesa inaingia. Karo inalipwa, bati linanunuliwa. Sitamlaumu mtu wa Oro aliyekata msitu akapanda michikichi, wala simwamini mwandishi anayemlaumu akiwa amekaa mahali ambapo mafuta ya kupikia yananunuliwa dukani.

Kuna jambo moja kuhusu Papua New Guinea ambalo linabadilisha hesabu yote. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, asilimia 97 hivi ya ardhi ya nchi hiyo iko mikononi mwa koo, kwa haki za kimila. Serikali haiwezi kuamka asubuhi ikachora ramani ya hifadhi na kuwahamisha watu kama ilivyofanyika mara nyingi huku kwetu. Msitu utasimama ikiwa ukoo utataka usimame. Kwa hiyo swali la uhifadhi pale linashuka hadi mezani: mwenye ardhi anapata nini kwa mchikichi, na anapata nini kwa mtambaa wa kipepeo?

Kwa mchikichi, jibu tunalo. Kwa mtambaa, jibu la kisheria ni sifuri.

Kipepeo huyu alilindwa na sheria za nchi tangu miaka ya 1960, wakati Australia bado inatawala. Baadaye akawekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Hicho ndicho kiambatisho chenye kifaru na sokwe, ambao hawauzwi kibiashara nje ya nchi wakitoka porini. Ndugu zake wengine wote wa jamii ya vipepeo wenye mabawa kama ya ndege wako Kiambatisho cha Pili, ambako biashara inaruhusiwa kwa vibali. Yeye peke yake kafungiwa juu.

Je, marufuku imewazuia wakusanyaji? Imewapandishia bei. Mwaka 2007 mahakama ya Los Angeles ilimfunga Mjapani mmoja miezi 21 kwa magendo ya vipepeo, baada ya mpelelezi wa Marekani kujifanya mnunuzi na kumfuatilia kwa muda mrefu. Katika kesi hiyo ilitajwa jozi ya Malkia Alexandra, dume na jike, kwa bei ya dola 8,500. Bei hiyo ni ya mwisho wa mnyororo, huko kwenye makabati ya matajiri. Mwenye msitu, hata kama aliambulia chochote, alikipata kama mwizi kwenye ardhi ya babu yake mwenyewe.

Wanaotetea marufuku hii mara nyingi wanamfikiria mdudu kwa akili ya tembo. Tembo anazaa ndama mmoja kila baada ya miaka kadhaa. Ukimpiga mama, umeua na kizazi. Vipepeo wako kwenye hesabu nyingine. Mayai na viwavi wengi hufa hata kabla binadamu hajatokea: wanaliwa na siafu na buibui, wanatagiwa mayai na nyigu, wanapigwa na ugonjwa. Mtu akipanda mitambaa hamsini pembezoni mwa shamba lake, akalinda viwavi waliokuja wenyewe, kisha akachukua sehemu ya mapupa na kuacha mengine yapasuke na kuruka, msitu unaweza kubaki na vipepeo wengi kuliko mwanzo. Hajaiba chochote porini. Ameongeza mimea, na mimea ndiyo iliyokuwa imepungua.

Wala si nadharia tu. Mwaka 1978 Papua New Guinea yenyewe ilianzisha huko Bulolo, mkoa wa Morobe, wakala wa serikali wa ufugaji na biashara ya wadudu. Wanakijiji wanapanda mimea ya jamii hiyo hiyo ya Aristolochia, vipepeo wakubwa wa aina zinazoruhusiwa wanakuja kutaga, wakala ananunua na kuwauzia wakusanyaji na makumbusho ya nje. Mpango huo ulisifiwa sana enzi zake. Kwenye orodha ya bidhaa zake hayupo yule ambaye bei yake ingeweza kweli kushindana na mchikichi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna la kusema hapa, maana tumewahi kulijaribu jambo hili pande zote mbili za mpaka, na matokeo tunayo.

Gede, pwani ya Kenya, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993 pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakati huo majirani wengi wa msitu walikuwa wanauona kama kero: ndovu wanatoka humo wanakula mahindi, na ardhi ya kulima haitoshi. Walikuwepo waliotaka wazi wazi msitu ugawanywe. Mradi ukawafundisha kufuga vipepeo wa msituni na kuuza mapupa kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Ghafla msitu ukawa ghala la mbegu: majike wa kuanzia ufugaji wanatoka humo, na miche ya kulishia viwavi asili yake ni humo humo.

Amani, katika Usambara ya Mashariki wilayani Muheza, kazi kama hiyo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya shirika la kuhifadhi misitu la Tanzania, TFCG. Nenda kwenye kibanda cha mfugaji uone kilivyo: fremu za mbao zilizowambwa chandarua, miche ya chakula cha viwavi kwenye makopo, majike wanataga ndani, viwavi wanahamishiwa kwenye majani mabichi kila wanapoyamaliza. Pupa likikomaa linachomolewa taratibu, linafungwa kwenye pamba, na kuanzia hapo saa inahesabu, kwa sababu kipepeo hatasubiri taratibu za uwanja wa ndege. Asipofika mapema atapasukia ndani ya boksi. Wafugaji wengi walikuwa wanawake, na hii ilikuwa pesa yao, si ya shamba la mume. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwalinganisha na majirani zao wasiofuga, ukakuta wafugaji wanashiriki zaidi kazi za kuhifadhi msitu. Hawakuwa wamehubiriwa zaidi ya wenzao. Walikuwa na cha kupoteza.

Kisha ikaja 2016. Machi mwaka ule tumbili 61 walikamatwa Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro wakiwa njiani kwenda Albania. Nchi ilikuwa bado haijasahau twiga waliopandishwa ndege kwenye uwanja huo huo mwaka 2010 na kupelekwa Qatar, na hasira ya wananchi ilikuwa ya haki kabisa. Serikali ikapiga marufuku usafirishaji wote wa wanyamapori hai kwenda nje. Wote maana yake wote: tumbili, kasa, vinyonga, ndege, na pupa la kipepeo lililofugwa na mama wa Muheza kwenye chandarua. Mtu aliyekuwa na banda lake na leseni yake akajikuta kapu moja na mlanguzi wa twiga. Mwaka 2022 ulitangazwa mlango mfupi wa kuuza waliobaki mikononi mwa wafanyabiashara, kelele zikapanda, na mlango ukafungwa ndani ya siku chache. Ng'ambo ya mpaka, Gede wakaendelea kuuza.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mahali marufuku ya jumla inapokosea. Haitofautishi mnyama anayekamatwa porini na anayezalishwa kwa kazi ya mtu. Kwa ofisa mezani, ni rahisi: neno moja, hapana, halihitaji mkaguzi. Gharama yake inalipwa na mtu ambaye hajaitwa kwenye kikao.

Sasa niwape haki yao wanaopinga, kwa sababu wana hoja nzito na sitaki kuzipita juu juu. Ya kwanza ni ya usafishaji, yaani kumpitisha wa porini kana kwamba ni wa shambani. Ukiruhusu Malkia Alexandra wa shambani auzwe, nani atamjua wa porini akiwa amekauka ndani ya bahasha? Kipepeo mfu habebi cheti cha kuzaliwa. Kwa wanyama wakubwa tumeona vibali vya ufugaji vikitumika kupitishia wa porini, na hakuna sababu ya kudhani walanguzi wa wadudu ni waungwana zaidi. Ya pili ni ya uchache: jike wa aina hii hatagi mayai mengi kwa kulinganisha na vipepeo wadogo, na kundi lenyewe limekatikakatika vipande. Kosa dogo la mgawo, yaani idadi inayoruhusiwa kuchukuliwa, kwenye kipande kimoja linaweza kukimaliza. Ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kali zaidi, inahusu bei. Dola 8,500 ni bei ya kitu haramu na adimu. Akianza kuuzwa kihalali, bei itashuka, na baada ya wakusanyaji wakubwa kujaza masanduku yao, itashuka tena. Mchikichi hauna tatizo hilo. Watu watakula mafuta kesho na keshokutwa.

Hoja ya bei naikubali nusu. Ni kweli kipepeo peke yake hatajenga uchumi wa Oro. Lakini haihitajiki auzidi mchikichi kwenye kila ekari. Inatosha azidi kwenye zile ekari za mteremko, za kingo za mito, za msitu uliowahi kulimwa ukaachwa ukarudi, ambako mtambaa unaota na mchikichi hauna faida kubwa. Kuhusu usafishaji, dawa yake inajulikana: mnunuzi mmoja tu wa kisheria, mgawo mdogo, na mgawo ufungwe kwenye idadi ya mashina ya mtambaa yaliyohesabiwa kwenye ardhi ya ukoo. Mashina yakipungua, mgawo unashuka mwaka unaofuata. Hapo kinachokaguliwa ni mmea, na mmea haukimbii wala haufichiki kwenye bahasha.

Wala jambo hili si geni kwa CITES. Mwaka 1983 mamba wa Zimbabwe walishushwa kutoka Kiambatisho cha Kwanza hadi cha Pili kwa mpango wa kukusanya mayai porini na kuyalea shambani. Mamba, mnyama anayekula watu, alipata wa kumtetea kwa sababu yai lake lilikuwa na bei kwa aliyekuwa anakaa naye mtoni.

Nisionekane nadharau yaliyofanyika Oro. Australia ilifadhili mradi wa uhifadhi huko miaka ya 1990. Mwaka 2017, baada ya miongo mitatu hivi ya vikao vya koo, uwanda wa Managalas ulitangazwa eneo la hifadhi lenye zaidi ya kilomita za mraba 3,600, na wenyeji wake wamebaki ndani wakilima kahawa yao. Hilo ni jambo kubwa kuliko kesi yoyote ya Los Angeles. Ila linawagusa vipepeo wa juu. Wa tambarareni, walio katikati ya michikichi, wana hali nyingine.

Na hapo ndipo hadithi imechukua mkondo ambao watetezi wa marufuku sidhani kama waliupanga. Kampuni inayomiliki mashamba makubwa ya Popondetta sasa ni SD Guthrie ya Malaysia, iliyokuwa ikiitwa Sime Darby Plantation hadi 2024, na ndani ya eneo lake la Higaturu imejengwa maabara ya kujaribu kumzalisha Malkia Alexandra, pamoja na vitalu vya mtambaa wake, kwa ushirikiano na taasisi ya hisani ya Uingereza inayoshughulika na vipepeo hawa. Lengo lililotangazwa ni kuwarudisha porini, na sina sababu ya kulitilia shaka. Lakini soma kanuni za mkataba. Kiumbe wa Kiambatisho cha Kwanza aliyezalishwa kizuizini, kwenye kituo kilichosajiliwa, anahesabiwa kama wa Kiambatisho cha Pili, na anaweza kuuzwa. Aliyelelewa kwenye mtambaa nje, na jike wa porini aliyekuja mwenyewe kutaga, hahesabiwi hivyo. Kwake inabidi kundi zima la nchi lishushwe daraja kwanza kwa kura ya nchi wanachama.

Kwa maneno mengine, sheria inamwachia upenyo mwenye jengo, vyandarua na wataalamu, na inamzuia mwenye msitu. Papua New Guinea ingelazimika kulegeza na sheria yake ya ndani, kweli, lakini siku ikiamua kufanya hivyo, ombi litakalokuwa tayari mezani, lenye kumbukumbu za vizazi na picha za kila pupa, litatoka kwa aliyepanda michikichi. Ukoo uliouacha msitu wake hautakuwa na karatasi ya kuwasilisha. Kama serikali ya Port Moresby inakusudia kuja kuruhusu biashara hii, kazi ya kuhesabu mitambaa kwenye ardhi za koo na kuziandikisha kwa majina yao inatakiwa ianze kabla ya maabara kufaulu, na wakala wa Bulolo, waliozoea kushughulika na wanakijiji kwa miongo, ndio wa kupewa kazi hiyo.